Juu Linang'aa, Chini Linagonga: RAV4 ya Staa na Kisingizio cha "Gari la Zamani"

"Gari la mwaka 2003, ulitegemea nini? Mwenye hela zake ananunua zero kilometa."

Maneno hayo, na vikatuni vitatu vya kucheka mwishoni, yaliandikwa na dada mmoja staa wa tamthilia ambaye mjini hakuna asiyemjua na hapa hatatajwa. Alikuwa anamjibu binti mmoja wa Kimara, mpambaji wa maharusi, aliyenunua RAV4 kwake na baada ya wiki tatu akaweka mtandaoni kideo cha gari hilo likiwa limepandishwa jeki pembeni ya barabara. Kufika jioni jibu la staa lilikuwa limeshapata laiki za kutosha, na mashabiki wake walikuwa wameshamshukia binti wa watu: mshamba, ana wivu, anatafuta kiki, hajawahi kumiliki hata bajaji. Mmoja alimwambia arudi kwenye mwendokasi.

Katika komenti zote zile, zilizozungumzia usukani zilihesabika kwa vidole. Na kesi nzima ni ya usukani.

Gari lenyewe ni RAV4 kizazi cha pili, zile zilizotoka kati ya 2000 na 2005, ambazo mtaani zinaitwa Kilitime. Rangi ya fedha, milango mitano. Kwenye posti ya kuliuza, staa alikaa juu ya boneti na viatu virefu, nyuma yake bahari ya Coco. Maelezo yalikuwa ya kuvutia: injini kavu, AC baridi kama uko Makete, siti za ngozi, rimu mpya za inchi 18, "haina tatizo hata moja, ni kuwasha na kuondoka." Milioni 11 na nusu, maongezi yapo.

Binti alikwenda kuliona na kaka yake. Hili lisemwe mapema, kwa sababu kuna wanaume wengi kwenye komenti walioandika kwamba mwanamke hapaswi kununua gari bila mwanaume. Mwanaume alikuwepo. Alifungua boneti, akachomoa kijiti cha oili akakitazama kama anasoma barua, akapiga resi mara mbili, akauliza linakula lita ngapi, akajaribu redio. Wakazunguka nalo mitaa miwili ya Mikocheni kwenye lami safi isiyo na hata tuta moja. Hela ikatumwa. Binti akapiga picha na staa, na kusema kweli ile picha ilikuwa ndani ya bei.

Wiki ya kwanza usukani ukawa mzito kwenye kona, na ukishakatwa hauurudii mstari wenyewe. Dereva ndiye anaurudisha kwa mkono. Wiki ya pili kukaanza mlio upande wa mbele, ko-ko-ko, kila gari likipita kwenye vumbi la kuingilia nyumbani kwao. Alipopiga simu, staa alimjibu kwamba matairi ni mapya, hayajazoea. Matairi hayajazoea! Wiki ya tatu binti akawa anaelekea Mlandizi kumpamba bibi harusi, nyuma amekaa mdogo wake na mtoto wa miezi saba. Kabla ya kufika Kibaha gari likaanza kuhama, mara kushoto mara kulia, usukani umeshikwa vilevile. Nyuma yake lori, pembeni basi. Akapunguza mwendo kidogo kidogo mpaka akaingia pembeni.

Fundi aliyekuja na bodaboda aliingia uvunguni na spana moja. Hakuitumia. Alishika tairodi endi ya kushoto, akaivuta, na kichwa chake kikatoka kwenye kikombe chake mbele ya kamera. Kwa mkono. Kideo kina sekunde 40, na mtu akisikiliza vizuri anamsikia mtoto akilia ndani ya gari.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, tairodi endi ni kifundo chenye kichwa cha duara kinachozunguka ndani ya kikombe chenye grisi. Dereva akizungusha usukani, mzunguko unashuka kwenye shafti hadi kwenye reki, reki inasukuma fimbo kwenda kushoto au kulia, na kifundo hicho ndicho kinachoifikishia tairi habari. Kikichomoka, tairi halipokei tena amri. Moja linatii, jingine linakwenda linakotaka. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari hukata kama mita 22 kila sekunde. Hapo ufundi wa kuendesha hausaidii kitu, aliyebobea na aliyepata leseni jana wote wanakuwa abiria.

Huyo ndiye mtu aliyeambiwa "ulitegemea nini."

Sasa ubuyu wenyewe. Gari lilipofikishwa gereji, fundi mwingine, mzee mtulivu asiyependa kamera, alilikagua lote sehemu ya mbele. Alikuta mambo mawili yasiyotokana na uzee. La kwanza, nati ya kurekebishia reki, ile iliyo kwenye mwili wa reki, ilikuwa na alama mbichi za spana na imekazwa kupita kiasi. Ndani ya ile nati kuna springi inayoibana reki kwenye gia yake ili isicheze. Reki ikilegea ikaanza kugonga, kuna ujanja wa zamani wa kuikaza nati hiyo: mlio unapungua siku hiyo hiyo, mteja akijaribu gari anasikia kimya. Gharama yake ni kwamba usukani unakuwa mzito na haurudi wenyewe baada ya kona. Yaani ile dalili ya wiki ya kwanza haikuwa ugonjwa. Ilikuwa ni dawa ya kuficha ugonjwa.

La pili, mabuti ya reki, zile mpira zenye mikunjo pande zote mbili, yalikuwa yamefutwa yakang'aa kwa nje. Mzee alilegeza klipu ya moja, haidroliki nyekundu ikamwagika kwenye beseni. Sili za ndani zilikuwa zimekufa, mafuta yanavujia ndani ya buti, kwa hiyo chini ya gari hapadondoki hata tone. Kopo la juu lilikuwa limejazwa mpaka alama. Mtu aliyefungua boneti, kama kaka yetu wa kijiti cha oili, angeona kila kitu kimejaa na kuondoka na furaha.

Nani alikaza nati? Staa kasema hajui ufundi, gari lake hushughulikiwa na fundi wake. Inawezekana kabisa ni kweli. Lakini asiyejua ufundi haandiki "haina tatizo hata moja." Anaandika kwamba hajui, mnunuzi aje na fundi wake. Mtu hawezi kuwa mtaalamu siku ya kupokea hela na mgeni siku ya kuulizwa. Na alipopigiwa simu wiki ya pili, kabla ya Kibaha, kabla ya mtoto kulia kwenye kideo, alikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu: peleka gereji. Akasema matairi hayajazoea.

Halafu hicho kisingizio chenyewe cha gari la zamani. Kinasikika kama busara, ndiyo maana kimepata laiki. Ila hakina mashiko. Tairodi endi, rak endi, boljointi, bushi za wishboni, mauntini za shokapu, krosi ya shafti ya usukani: vyote hivi vimetengenezwa ili viishe na vibadilishwe, kama pedi za breki. Havina uhusiano na mwaka wa gari bali na mara ya mwisho kubadilishwa. RAV4 ya 2003 iliyowekewa vifundo vipya na kupimwa alaimenti inakaa barabarani imenyooka kama rula. Gari la juzi tu lililopigishwa mashimo ya Goba na Mbezi kwa miaka mitatu bila mtu kuingia uvunguni linaweza kuwa hatari zaidi. Kilitime zinasifika kwa uvumilivu, na pengine hapo ndipo zinapowaponza wenyewe: injini inaendelea kuwaka vizuri hata pale mguu wa mbele umeshachoka, na mwenye gari anadhani likiwaka basi ni zima.

Kuna jamaa alikomenti kwamba dawa ni kufanya kama Kenya, ambako gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa. Sawa, ni mjadala mzuri wa bandarini. Hilo RAV4 halikuwa bandarini. Lilikuwa Mikocheni, na kwenye kioo lina stika ya Nenda kwa Usalama. Sheria ya umri wa kuingizia gari haimshiki mtu anayekaza nati ya reki Jumamosi ili apige picha Jumapili.

Na hizo picha ndizo mzizi. Gari hilo lilizaliwa na rimu za inchi 16. Staa akaweka za 18, na kwa kuwa hazikukaa vizuri, akawekewa na spesa ili matairi yatoke nje, gari lionekane limetanua kifua. Kwenye picha linapendeza, hakuna ubishi. Kwenye barabara, tairi likisogea nje ya mahali pake kila shimo linapata mkono mrefu zaidi wa kuipiga beringi, boljointi na tairodi, na usukani unaanza kumpiga dereva mikononi. Hela ya zile rimu ingenunua vifundo vyote vya mbele vya gari hilo, pande zote mbili, na chenji ya alaimenti ikabaki. Lakini nani atapiga laiki tairodi endi? Nani atapiga picha amekaa juu ya boljointi?

Si yeye peke yake. Kuna DJ mmoja wa Masaki mwenye X-Trail ya zamani, ile ya kwanza kabisa, ambayo ikifika 90 usukani unatetemeka kama mashine ya kusaga. Marafiki zake wanajua dawa yake: anaongeza muziki. Kutetemeka kwenye mwendo wa 80 hadi 100 mara nyingi ni balansi ya matairi tu, au rimu iliyopinda kwa shimo, kazi ya nusu saa. Kama kunatokea akikanyaga breki basi aangalie diski. Hajaangalia. Amenunua spika ya nyuma.

Kuna na mchekeshaji mmoja, huyu ana wafuasi wengi kuliko wote, aliyetengeneza klipu ya kuchekesha akiendesha kijigari chake huku akizungusha usukani kushoto na kulia kwa kidole kimoja na gari linakwenda mbele tu. "Usukani unacheza singeli," ndivyo alivyoandika. Watu walicheka wakafa. Vitabu vya ufundi vya Toyota kwa kawaida vinaweka kikomo cha mchezo wa usukani kuwa milimita 30 kwenye ukingo wake, karibu upana wa vidole viwili. Ule wa kwenye klipu ulikuwa robo ya mzunguko. Na siti ya nyuma walikaa vijana watatu wa kundi lake, hakuna aliyefunga mkanda. Hakukuwa na lori siku hiyo, ndiyo maana ikawa vichekesho.

Mafundi nao wasijifiche nyuma ya mastaa. Nusu ya uharibifu huu unaanzia kwenye sentensi moja ya gereji za mtaani: "Bosi, reki imekufa." Gari likivuta upande, reki. Likigonga, reki. Usukani ukiwa mzito, reki. Reki ni kitu cha bei, inatafutwa Ilala ya mtumba, fundi ana cha juu chake, na ile ya zamani anabaki nayo. Wakati gari linalovuta upande mmoja laweza kuwa na tairi moja lenye upepo mdogo, au breki ya upande huo inang'ang'ania. Usukani mzito gari likiwa taratibu, halafu unakuwa mwepesi ukikanyaga mafuta, unaelekeza kwenye mkanda unaoteleza au pampu iliyochoka. Mlio wa kulia kama mbu ukikata usukani mpaka mwisho unaanza na kuangalia kopo la haidroliki, maana pampu inayonyonya hewa hulia hivyo, na haidroliki ikipungua haijapotea hewani, imevuja mahali. Mlio wa kugonga usukani ukizungushwa gari limesimama unaweza kuwa mauntini ya juu ya shokapu. Ule wa kwenye vijishimo vidogo, unaosikika mpaka mikononi, unaweza kuwa krosi ya shafti. Hizi Kilitime zenye kuvuta matairi yote manne zina ugonjwa mwingine unaomdanganya fundi mvivu: kifaa cha katikati kinachogawa nguvu mbele na nyuma kikiharibika, gari linakuwa kama limeshikwa kwenye kona kali, na mtu analaumu usukani usio na kosa.

Hapo mtu anayejua anaanza na cha bei ndogo. Asiyejua, au anayejua sana, anaanza na reki.

Kisa cha msanii mmoja wa Bongo Fleva ndiyo funga kazi. Yeye ana RAV4 iliyofuata, kizazi cha tatu, ya 2007. Usukani ukawa mgumu ghafla, taa ya P/S ikawaka kwenye dashibodi. Fundi wake akamwambia haidroliki imekwisha, akamlipisha lita mbili. Kizazi kile kinatumia usukani wa umeme. Hakina pampu ya haidroliki, hakina kopo, hakina pa kumimina. Lita mbili zilikwenda wapi, Mungu ndiye anajua. Kilichokuwa kimechoka ni betri, na baada ya kubadilishwa taa ikazima. Msanii alilisimulia mwenyewe kwenye redio huku anacheka, na mtangazaji anacheka, na fundi hadi leo ni fundi wake.

Tukirudi Kimara, haki itendeke pande zote: binti naye alikosea. Alinunua posti. Angekuwa ananunua kwa mzee asiyejulikana wa Tabata angekwenda na fundi, angelala chini kutazama, angeomba apitishe gari kwenye barabara mbovu. Kwa staa aliona aibu. Aliogopa kuonekana hamwamini. Amekiri hayo mwenyewe, na ni jambo la kumpa heshima, kwa sababu upande wa pili haujakiri hata koma.

Na ukaguzi wenyewe haukuhitaji mashine. Injini imezimwa, usukani unachezeshwa taratibu kwa vidole kuona unakwenda umbali gani kabla tairi halijaguswa. Gari linapandishwa jeki, linawekewa stendi, tairi linashikwa kushoto na kulia kama saa tatu na saa tisa za uso wa saa na kutikiswa. Likicheza, macho yaende kwenye tairodi na rak endi. Linashikwa juu na chini, likicheza hapo ni boljointi au beringi. Halafu linashushwa, mtu mmoja anakaa ndani anazungusha usukani kidogo kidogo kulia na kushoto, mwingine ameinama ameweka vidole kwenye kila kifundo, na kifundo kilichokufa kinasikika kwa ngozi kabla ya sikio. Mabuti ya reki yanaminywa. Dakika kumi, labda kumi na tano kama jeki ni ya kubembeleza. Kwenye kuendesha, kona moja ya taratibu na mikono imelegezwa ingeonyesha kwamba usukani haurudi. Ile nati iliyokazwa isingeweza kuificha hiyo.

Lakini makosa yake hayafuti ya mwenzake, na hapa ndipo mashabiki walipopotoka kabisa. Aliyeacha mlango wazi kakosea. Mwizi bado ni mwizi. Wengi wa wale waliomchamba wana umri wake, wanaweka akiba kama yake, na gari lao la kwanza litakuwa hilihili: RAV4, Escudo, X-Trail ya zamani, iliyonunuliwa kwa hela ya michezo na vicoba na kubana matumizi miaka minne. Wanajenga utaratibu ambao kesho utawala wao. Siku wakiuziwa nati iliyokazwa watakuta jibu limeshaandaliwa, tena na wao wenyewe, na laiki juu.

Baada ya siku nne za kelele, staa alituma laki mbili kwa simu. Ujumbe ulisema ni msaada tu, na kwamba kideo kifutwe. Binti alirudisha hela. Kuna walioona ni jeuri. Laki mbili ni hela, na saluni ya nyumbani haina mshahara. Ila msaada ni wa mtu aliyepatwa na janga la Mungu. Aliyeuziwa gari lenye kifundo kinachochomoka kwa mkono anadai, haombi, na ukipokea deni kwa jina la sadaka umeshamsafisha mdaiwa.

Matengenezo aliyalipa kwa kazi za harusi mbili na mkopo wa dada yake: tairodi endi zote mbili, rak endi zote mbili, boljointi ya kushoto, sili za reki na mabuti yake, nati ikarudishwa kwenye kipimo. Spesa zikatolewa. Rimu za inchi 18 zikauzwa, zikanunuliwa za 16 za mtumba zisizo na mvuto wowote, kisha alaimenti. Mzee wa gereji alimpigisha kona moja uwanjani, akamwambia aachie mikono kidogo. Usukani ukarudi wenyewe. Gari la mwaka 2003.

Juzi staa kaweka chuma kingine sokoni, si chake safari hii, anasema ni cha rafiki yake. Picha nane: boneti, siti, redio, rimu, machweo. "Usukani mwepesi, unageuza kwa kidole kimoja." Komenti ya kwanza iliandikwa na mtu ambaye wiki mbili nyuma alikuwa miongoni mwa waliocheka: "Dada, lipandishe jeki utuonyeshe tairodi." Ilikaa dakika chache ikafutwa. Ya pili ilisema maneno hayohayo. Ya tatu pia.